Mawe Meupe ya Mgeni Rasmi

Siku mama mkwe alipopata viza ya miezi sita, mume wangu hakucheka wala hakulia. Alitoka nje, akasimama barabarani mbele ya nyumba yetu hapa Thornton Heath, akaitazama kama mtoto aliyerudi kutoka shule na kiatu kimoja. "Mama hawezi kuikuta hivi," akasema.

Nyumba haikuwa na kosa. Ilikuwa imetoka kwenye baridi kama nyumba zote za mtaa: gata la maji ya paa limejaa majani yaliyooza, njia ya mlangoni imeota ukoga wa kijani, rangi ya madirisha inabanduka. Mwezi wa nne majirani hutoa ngazi na mashine za kurushia maji, wakaosha, wakarudi ndani kunywa chai. Nilidhani na sisi tungefanya hivyo hivyo. Nilisahau kwamba nimeolewa na mtoto wa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye mama mkwe; amestaafu kule Korogwe, na tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake. Alikubali kuja kwa sharti: aone kwanza tunavyoishi, ndipo aseme kama atamaliza miezi yote sita au atageuza baada ya wiki mbili. Mume wangu alitaka akae. Alitaka mpaka usingizi ukampaa, na mtu wa hali hiyo si wa kumpa brashi.

Gata alilizibua vizuri, sina neno. Ukoga nao akausugua mpaka saruji ikaonekana. Jumamosi akarudi kutoka dukani na mawe buti zima la gari, na ndoo ya rangi nyeupe.

"Mawe ya nini tena?"

"Ya kupanga. Mama akija lazima aone chokaa."

"Baba, hii ni London!" nikamwambia.

"Kwani London mawe hayapakwi?"

Na wala haikuwa chokaa. Ilikuwa rangi ya kuta za nje, imeandikwa ubavuni kwamba mvua haitaiondoa kwa miaka kumi na mitano. Akayapanga mawe pande zote mbili za njia, akayapaka moja moja, ulimi nje. Rangi ikabaki. Mtu aliyesoma shule zetu anajua rangi ya mawe ikibaki inakwenda wapi: kwenye mti. Sisi mti hatuna. Uliopo ni wa council, halmashauri ya hapa, umeota kando ya barabara.

"Dad, that's not even our tree," binti yetu akamwambia.

"Umesimama mbele ya nyumba yetu," akamjibu, akaupaka mpaka usawa wa kifua.

Jumatatu bibi wa Kiingereza wa nyumba ya pili akagonga mlango, macho mekundu. Mti wetu umetiwa alama, akasema, wanakuja kuukata! Kumbe huku mti ukipakwa rangi, watu husubiri msumeno. Kufika jioni mti ulikuwa umefungwa utepe, na watu ambao tangu tuhamie sijawaona wakisalimiana walikuwa wameshika mabango na kugawana biskuti. Yule bibi akaleta karatasi ya kukusanya sahihi. Nikamtazama mume wangu.

"Terrible," akasema, akatia sahihi.

Nilikwenda kujifungia chooni nicheke.

Alhamisi mama mkwe akafika. Teksi ilisimama katikati ya mabango. Akashuka na kitenge chake juu ya sweta mbili, akaona umati, akadhani wamekuja kumpokea, akawapungia mkono. Nao wakampungia. Kisha akaona mawe. Akaona mti.

Mume wangu alikuwa amesimama wima mlangoni kama kiranja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya mawe nani kayapaka?"

"Mimi, mama."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akatembea taratibu katikati ya ile mistari miwili, akasimama mbele ya mwanawe. "Shuleni nilikuwa nawaambia mpake mawe nani akija?"

"Mkuu wa wilaya."

"Mkuu wa wilaya alikuwa analala pale?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Hapana, mama. Anakula pilau, anaondoka."

"Sasa mwanangu," akasema, "na mimi umeniandalia niondoke?"

Sikuwahi kumwona mume wangu akilia, hata msibani kwa baba yake. Alilia pale pale, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya mabango ya kuokoa mti. "Nataka ukae, mama," akasema. "Sikujua nifanyeje." Na mimi, niliyekuwa nikimcheka wiki nzima, nikaona aibu sijui pa kuiweka.

Mama mkwe akanipa mkoba wake. Akavua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akaagiza maji na brashi. Akachutama kwenye jiwe la kwanza, akasugua. Akasugua tena. Akalikwangua kwa ukucha, akalinusa.

"Chokaa gani hii haitoki?"

Nikamwambia mimi yaliyoandikwa kwenye ndoo. Miaka kumi na mitano, mama.

Akalitazama jiwe, akamtazama mwanawe, akavuta la pili.

"Haya," akasema. "Siondoki mpaka yatakate yote."