Msitu Ulioishia Mashimoni

Nikodemo Odoyo alirithi kwa baba yake, huko Susuni, shamba la mahindi lililochoka na kipande cha msitu bondeni. Ndani ya msitu kulikuwa na chemchemi, na nusu ya kitongoji walichota hapo. Baba yake hakuwahi kukata mti mbichi humo. Aliokota matawi makavu tu.

Kisha dhahabu ya Nyamongo ikawapagawisha watu. Wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, na kila shimo lilitaka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Odoyo hakuwa mtu wa kuingia shimoni, lakini alipiga hesabu zake: angewauzia wachimbaji miti, kisha palipobaki wazi alime mahindi, awauzie tena.

"Baba Ouma," mkewe Dorka alimwambia, "kata huku juu. Ile inayozunguka maji iache."

"Kwani watoto watakula maji?" Odoyo alijibu, akaendelea kunoa shoka.

Aliukata wote. Na kweli, misimu ya kwanza udongo ule mweusi ulizaa hadi watu wakaja kushangaa. Aliezeka bati, akampeleka mwanawe Ouma sekondari. Jirani yake Mokami, aliyeacha miti yake ng'ambo ya bonde, Odoyo alimcheka mbele za watu: "Wewe msitu huo unafugia nyani?"

Chemchemi haikukauka ghafla. Ilianza kutoa tope, ikawa unyevu tu juu ya mawe, kisha kiangazi kimoja ikakoma kabisa. Udongo nao ukabebwa na mvua, mahindi yakadumaa. Ikabidi Odoyo avuke bonde kumwomba Mokami maji ya chemchemi yake, iliyokuwa bado inatoka chini ya miti.

"Mama Ouma aje achote tu," Mokami alisema. Habari za nyani hakuzigusa. Odoyo aliona afadhali angetukanwa.

Dorka alipanda na kushuka mteremko ule miaka mingi, ndoo kichwani, mpaka siku moja ya mvua akateleza, akavunjika nyonga. Hakutembea vizuri tena. Hakumlaumu mumewe hata kidogo, na hilo ndilo lililomtafuna Odoyo. Aling'oa mahindi kuzunguka mawe yale makavu, akapanda mikuyu, akaimwagilia kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka kwa Mokami.

Miti ilishika. Maji hayakurudi.

Ouma alipooa, alimfuata baba yake pale kwenye mikuyu, jembe begani.

"Baba, mimi nitalima wapi? Wewe ulikata msitu mzima ukanisomesha. Mimi nikikata hii michache, ndiyo itakuwa dhambi?"

Mwishowe Odoyo alimpa shamba lote la juu, lile alilokuwa akilitegemea yeye, ili mikuyu isiguswe. Tangu hapo yeye na Dorka wanangoja kupelekewa chakula, na anayevuka bonde na ndoo sasa ni mkwe wao.