Vigingi vya Wayua

Pale kambi ya mkonge nje ya Thika walisema Wayua ana kiburi. Uongo mtupu. Nilianika nyuzi za mkonge naye miaka saba, namjua. Aliishi na mwanamume miaka kumi na minne bila mbuzi wa ntheo kupelekwa kwao, na kwetu Wakamba, bila mbuzi hao hujaolewa. Mwanamume alipokufa, ndugu zake walimwambia afungashe, yeye ni mgeni tu. Akaja kambini na miaka arobaini na miwili, wazazi wamekufa, mtoto hana.

Mwaka wa hamsini na sita gari la sinema likaanza kuja kila mwezi. Mkalimani wa kututafsiria picha alikuwa Mbaluka, mzee mgane mwenye mvi, mcheshi kupindukia. Kabla ya picha hupita kwa Wayua kunywa uji. Walizungumza nini sijui, ila Wayua alianza kupaka mafuta miguuni siku za Jumamosi.

Jumamosi moja picha ilikuwa ya Mzungu mwenye kipara anayempenda mama wa makamo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wazee wazima wakifukuzana kwenye maua! Kipara akapiga goti. Mbaluka akashika kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini, si ile yake ya mzaha:

"Mama, wazazi wako hawapo. Nikileta mbuzi watatu wa ntheo, niwafunge wapi?"

Uwanja mzima ukalipuka. Mzungu na ntheo wapi na wapi! Yule mama wa kwenye shuka ya picha akajibu Kizungu chake, lakini Mbaluka hakutafsiri. Aligeukia upande wetu gizani, akingoja.

Wayua akasimama, akafungua kinywa kama anayetaka kujibu. Nikamvuta kanga. "Kaa chini, mwaitu, utatuchekeshea watu!" Akakaa. Kwa aibu, akacheka nasi, tena kwa nguvu.

Mwezi uliofuata alikuja mkalimani mwingine. Wayua alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vitatu nyuma ya nyumba yake. Nilimwambia amtumie Mbaluka salamu, akakataa. "Mbuzi ndio huja, Mwongeli. Mimi siwafuati." Kila mvua ilipolegeza vigingi, alivigongelea upya. Homa ya mapafu ikamchukua mwaka wa hamsini na tisa, vigingi vikiwa wima.

Miezi mitatu baadaye nilikutana na Mbaluka sokoni Ruiru. Amekonda.

"Yule mama aliyenicheka hajambo?" akauliza.

Nikamwambia tumemzika. Kisha nikamwambia habari ya vigingi.

"Vingapi?"

"Vitatu."

Akaketi juu ya gunia la maharagwe la watu. Mwenye gunia akamfokea, naye hakusikia. "Nilimngoja ajibu," akasema. "Nikasikia kicheko tu. Kwani hakutaka hata kusimama?"

Nilimwangalia mzee wa watu, nikamwambia sikumbuki, kulikuwa na giza.