Tikiti la Mama Mdogo

Mama yangu hakuwa mtu wa kutulia, lakini mwaka ule watu walipoanza kuvuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia vita hakukalika kabisa. Alipika mguu mmoja jikoni, mwingine barabarani. Maharage yaliungua tukayala hivyo hivyo, na baba akinung'unika mama hata hakumsikia. Alikuwa anamtafuta mdogo wake.

Mama mdogo aliolewa ng'ambo. Kwetu Mabawe hilo halikuwa jambo la ajabu. Watu walioana huku na huko, wakazikana, na Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani. Sasa vijiji vizima vya ng'ambo vilikuwa vinapita mbele ya nyumba yetu, mikeka na sufuria vichwani, vikielekea kambini, na katika nyuso zote hizo yeye hakuwamo.

Ndipo mama akapanda matikiti maji.

Majirani walimcheka. Sisi ni watu wa ndizi na maharage. Boga tunalijua, tikiti lilikuwa tunda la mjini. Lakini zamani, kabla hawajaolewa, mama na mdogo wake walikwenda Ngara mjini kuuza ndizi, na mke wa mwenye duka, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akawapa kipande cha tikiti wagawane. Mama, kwa ukubwa wake, akala katikati penye utamu. Mdogo wake akaachiwa sehemu nyeupe ya karibu na ganda. Tangu siku hiyo kila walipokutana hadithi ilikuwa hiyo hiyo: "Dada, wewe ulinilisha ganda!" Wakacheka mpaka wakaegemeana. Sasa mama akaapa kwamba mdogo wake akivuka atakuta tikiti zima, la kwake peke yake. Mbegu alizipata kwa yule yule mama wa duka.

Alizipanda nyuma ya jiko, masika yalipokuwa yanaisha. Kiangazi kikaingia, na kumwagilia kukawa kazi yangu. Niliyachukia matikiti yale, nasema kweli. Kijito chetu kilikuwa kimejaa watu tangu alfajiri, maji yamevurugika, kilima cha juu yake kimebaki visiki kwa sababu ya kuni, na mimi napanga foleni na ndoo kwa ajili ya tunda ambalo sijawahi hata kulionja. Nilikuwa msichana mwenye hasira za karibu. Nilimwaga maji pale kwa kishindo, mama akanikemea kwamba mizizi si mbwa wa kufukuzwa.

Maua yalipogeuka vitunda, mama akaleta sheria ya maboga. Kwetu boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea litaoza na kudondoka. Unakunja ngumi, unaelekeza kwa ngumi. Jirani mmoja alikuja, akasema, "Kumbe yameshika!" huku kidole kimenyooka, mama akamkamata mkono hewani. Mimi nilijisahau mara moja nikachapwa kiganja. Hata hivyo vitunda vilidondoka kimoja kimoja, vingine vikaliwa na wadudu, mpaka likabaki tikiti moja tu. Lilikua, likajaa, na mama akawa na safari mbili: kwenda barabarani kutazama watu, kurudi nyuma ya jiko kutazama tikiti.

Siku ya soko tulikwenda kwa mama wa duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tikiti lako vipi?"

Mama akaeleza. Yule mama akasema, "Tazama ule uzi unaojisokota karibu na kikonyo. Ukikauka, lichume. Na ukilichuma, ulile upesi, mwanangu. Tikiti ni maji, halina subira."

Mama aliitikia kila neno. Njiani akaniambia kwamba watu wa mjini hawana ghala, ndiyo maana wanaharakisha kula kila kitu.

Uzi ulikauka. Mama mdogo hakuja. Mama akalichuma tikiti akalifanyia kama tunavyofanyia maboga: akatandika majani makavu ya mgomba chini ya kitanda, akaliweka hapo, kavu, gizani. Boga kwetu hukaa miezi na kuzidi utamu. Baba akasema, "Lipasue tule, huyo akija atakula jingine." Mama akamjibu, "Boga lenye ganda laini kuliko hili linafika mpaka mvua. Hili litashindwa nini?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," baba akasema, akatoka nje.

Nilikuwa naingia chumbani kulinusa. Nilitaka lioze ili niache kuota habari zake, na nilitaka lisioze kwa sababu nilikwisha kuamini, sijui tangu lini, kwamba likidumu na mama mdogo atakuwa mzima. Barabarani watu walizidi kupita. Mama aliwauliza kwa jina la kilima alikoolewa mdogo wake. Wengine walitikisa kichwa, wengine walitazama chini, na hao wa kutazama chini walimkosesha usingizi.

Halafu asubuhi moja chumba kikanuka kama pombe. Tikiti lilikuwa limepasuka lenyewe, maji mekundu yameloanisha majani. Mama alipiga magoti, akalia kwa sauti ya msibani, mpaka majirani wakakimbilia kwetu wakidhani habari imefika. Hakuna aliyecheka. Wanawake wale waliomcheka mwanzoni waliketi chini naye.

Alipomaliza kulia alizichagua mbegu moja moja kutoka kwenye ule uozo, akaziosha, akazipaka majivu, akazibandika ukutani zikauke. Mvua za vuli zilipoanza akazipanda. Mara hii sikumwaga maji kwa kishindo.

Vitunda vilikuwa sawa na ngumi yangu mchana ule niliposimama kando ya barabara, nikaona katikati ya kundi mwanamke mwembamba anayetembea kama mama, bega moja likitangulia. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwonyesha mama. Mkono uliinuka na kidole kikanyooka, nikakikunja haraka, nikaonyesha kwa ngumi.

Mama, aliyekuwa mlangoni pa jiko, alitupa mwiko akakimbia.

Alikuwa yeye. Alikuja peke yake, na mama hakumuuliza walioondoka naye wako wapi. Walishikana pale barabarani, watu wakawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kisha mama akamvuta mkono, hata maji ya kunywa hajampa, akampeleka nyuma ya jiko.

"Haya ni ya kwako," akamwambia. "Yote. Sitagusa."

Mama mdogo aliinama. Kisha akanyoosha kidole, akaanza kuyahesabu, la kwanza, la pili, la tatu, kidole kikikaribia kugusa. Nilimtazama mama. Mama aliyenichapa kiganja, aliyemkamata jirani mkono hewani, alisimama pale akamwacha mdogo wake ahesabu mpaka mwisho.