Masharti ya Mkandarasi

Penina Chidawali hakuzaliwa mkali. Mtambo ndio uliomfanya mkali. Alianza kwa kuosha machujio kwenye mtambo wetu wa kusafisha maji, upande wa Hombolo, akajisomesha, akapanda mpaka akawa mkuu wetu. Mimi ni Gerson, fundi wa pampu. Nampenda bosi huyu hata siku anazonisema mbele za watu, ambazo si chache.

Mwaka huu tukasikia kwamba bodi ya maji inafikiria kumkabidhi mkandarasi binafsi uendeshaji wa mtambo. Serikali ingebaki na majengo, yeye angeleta watu wake. Kabla ya kuamua, wajumbe wangekuja kututembelea na kufanya kikao hapohapo karakana.

Tukafanya kile ambacho kila ofisi ya umma hufanya ikisikia ugeni. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukafyeka majani, tukaazima mapazia ya kanisani. Kisha, kwa akili zetu, tukafunga valvu ya vijiji vya bondeni ili tangi lijae, wageni wakinawa mikono getini bomba litoe maji kwa kishindo. Tulikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Asubuhi ya ugeni Penina alipita kwenye kioski cha maji akakuta akina mama wamepanga ndoo na bomba halitoi hata tone. Alipofika kazini hakumsalimia mtu.

"Nani kafunga valvu?"

"Mama Tumsifu," nikamwita kwa jina la mwanawe, nikitaka kumlainisha, "ni leo tu. Wageni wakiondoka tunafungua."

"Wageni wanakuja kuangalia kama tunaweza kuwapa watu maji. Na wewe umewanyima watu maji kwa ajili ya wageni. Kaifungue, baba."

Akikuita baba kwa sauti ile, ujue mzaha umekwisha. Nikaenda nimenuna, maana niliona anatuzika wote.

Wajumbe walipofika, bomba la getini lilitoa maji membamba kama uzi. Mwenyekiti, mzee Eliakimu, akaitazama mikono yake yenye povu la sabuni, akayatazama na mawe yetu meupe. Nilitamani ardhi inimeze.

Kikaoni Penina hakupamba neno. Aliwaambia kwamba pampu moja kati ya mbili imekufa tangu masika, na ombi la kipuri bado linazunguka ofisi hadi ofisi.

"Kwa hiyo unakubali mkandarasi aje?" Eliakimu akauliza.

"Naomba kuuliza kwanza, mzee. Yeye pampu ikimharibikia, atasubiri kibali chenu?"

"Hapana. Mkataba utamruhusu kununua mwenyewe."

"Na mtu wake akizembea?"

"Atamwondoa."

"Basi masharti hayohayo nipeni mimi kwa mwaka mmoja. Nikishindwa, mleteni."

Mwanasheria wa bodi, Anitha, akatabasamu kwa upole. "Mama, masharti hayo yana kifungu kingine. Maji yakikatika wiki nzima kwa uzembe, mkandarasi anaondoka bila hata barua ya onyo. Wewe ni mtumishi wa umma, una kinga yako, na umebakiza muda mfupi ustaafu. Utaiacha kinga hiyo?"

Serikalini mtu hafukuzwi kirahisi, na wengine wetu tumenenepea hapohapo. Nilimwombea anyamaze, astaafu na kinga yake.

"Nitaiacha," alisema Penina. "Kifungu hicho kiandikeni, na jina langu litangulie."

"Na watu wako je, nao wataiacha?" Eliakimu akauliza. "Mtu mmoja haendeshi mtambo."

Penina hakutusemea. Aligeuza kiti chake, akatutazama sisi tuliokuwa tumesimama nyuma na ovaroli zetu zilizofuliwa kwa ajili ya ugeni. Hakubembeleza, hakukunja uso. Alisubiri tu.

Kila mtu akatazama viatu vyake. Nilikuwa na hasira naye bado, na niliogopa kupoteza kazi, lakini niliona wazi kwamba nikinyamaza pale nitakuwa nimeifunga valvu ile mara ya pili, safari hii nikimfungia Penina kazi ya maisha yake yote.

"Andika Gerson," nikasema, "fundi wa pampu."