Shaba Chini ya Jukwaa Letu

Majira mazima ya mvua niliamini kwamba chini ya jukwaa la chama chetu kuna shaba inayoota kama muhogo, na kwamba ngoma ndiyo inayoikuza. Kadiri wamama walivyocheza kwa nguvu, ndivyo ilivyonenepa. Jirani yangu nilimwambia kwamba mzizi wake mmoja umeshafika mji wa Kipushi, mwendo wa kilomita thelathini, na nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyeutembelea mzizi huo kwa miguu. Nina diploma ya shule ya jioni, na mwaka wa mwisho tulisoma kemia. Kwa hiyo jambo nililolisema asubuhi, watu elfu moja walikuwa wamelirudia kabla bukari, ugali wetu wa mchana, haijapoa.

Sikuanza na mzizi. Nilianza na doa. Pale ukuta wa nyuma unapokutana na saruji ya jukwaa niliona kijani, kikubwa kama kiganja. Mtu wa Lubumbashi akiona kijani juu ya jiwe hafikirii majani, anafikiria jiwe lenye shaba. Nikasema, “Malachite.” Neno hilo ninalitamka vizuri sana. Siku hiyohiyo nikapigilia ubao juu ya lile doa ili wezi wasilione, na watu wakazidi kuamini, maana nani hufunika kitu kisicho na thamani?

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la unga. Tuliinunua pamoja, sisi watu wa mitaa mitatu, mafundi cherehani, walimu, madereva, wauza maharagwe, ili watoto wapate mahali pa kusoma, na michezo ya kuigiza na ngoma ipate paa. Hatuna kadi za uanachama. Mwanachama ni kiti. Unaleta kiti chako kutoka nyumbani, unakitia alama yako, na tangu hapo nyumba ni yako kama ilivyo ya wengine. Siku ya kuamua jambo hatuinui mikono. Anayekubali hubeba kiti chake hadi upande wa madirisha, anayekataa hukibeba hadi upande wa ukuta mtupu. Anayetaka kuondoka chamani hupita na kiti chake mlango mkubwa, mchana, watu wote wakimwona, na kiti kikishatoka hakirudi. Mkono mtu anaweza kuuinua huku anasinzia. Kiti changu mimi ni cha chuma, nilikichomelea mwenyewe, na ni kizito kuliko injini ya lori.

Habari ya shaba ilimfikia mwenzetu mmoja mwenye malori yanayolala foleni mpakani Kasumbalesa. Sote tunamwita Patron, yaani bosi, hata mama yake. Akaja na pendekezo: tuvunje jukwaa, tuchimbe, kisha yeye atujengee jingine kubwa kuliko uwanja wa mpira. Watu walimpigia makofi. Nadhani mimi nilipiga kwa nguvu zaidi.

Hakupiga makofi mama anayeongoza kikundi cha ngoma. Kikundi chake kilikuwa kimealika wachezaji wa Kipushi waje kucheza nao wiki mbili baadaye, na jukwaa lile ndilo sakafu pekee waliyokuwa nayo. Nilimpitia uani kwake, akiwa ameanika ngoma zake juani, akizigeuza moja moja.

“Prof,” akaniambia bila kuinua kichwa, “ile kintu ulionaka na macho yako?”

“Mama, niliona kijani. Kijani kabisa, sawa majani ya sombe.”

“Sombe njo madini?”

“Malachite, mama. Kemia inasema vile.”

“Kemia ilifikaka mu salle yetu ya ngoma siku gani? Miye sikuionaka. Kiti yake iko wapi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aligonga ngoma moja kwa kidole, akasikiliza, akaigeuza.

“Bakivunja ile estrade, tutacheza wapi? Hapa mu parcelle bamama batano tu banajaa, na jirani anatutupiaka maji.”

“Patron atajenga ingine, mama.”

“Prof, weye muntu wa masomo. Niambie shimo moja tu yenye bantu balichimbaka mu hii muji, kiisha bakarudia kuifunga.”

Nikajaribu kukumbuka moja. Nikaaga. Njiani niliendelea kucheka peke yangu, lakini hadi jioni nilikuwa bado nalitafuta shimo hilo kichwani.

Jumapili baada ya ibada tukakutana. Watu walikuwa milioni, yaani sitini na watatu. Nje ya madirisha walikaa wachimbaji wanne na mitaimbo yao. Patron alikuwa amewaleta tayari, kusudi, alisema, tusipoteze wakati. Hakuna aliyewasalimu. Msimamizi wa mkutano, mwalimu mmoja mwenye sauti ndogo, akasema tubebe viti, na kelele za miguu ya viti juu ya saruji zikaanza. Patron alienda madirishani wa kwanza. Mama wa ngoma akaenda ukutani, na wamama wake nyuma yake. Fundi wa mabomba, ambaye mtaa mzima humwamini kuliko mvua, akakiweka kiti chake madirishani karibu na Patron, na nikaona watu wengine watatu wakimfuata. Mke na mume wa duka la mkate wakagawanyika bila kutazamana.

Kelele zikaisha. Msimamizi akahesabu, akahesabu tena. Madirishani viti thelathini na kimoja, ukutani thelathini na kimoja. Katikati kimebaki kiti kimoja cha chuma, na mimi nimekikalia.

“Prof,” akasema msimamizi, “beba kiti.”

Sikuinuka.

“Weye njo ulituonyesha njia,” Patron akasema. “Unaogopa nini tena? Bantu beko banangojea inje.”

Mama wa ngoma akainama, akainua kiti chake, akakiweka kichwani. Akageuka kuutazama mlango mkubwa. Mmoja baada ya mwingine, wamama wake wakashika viti vyao.

“Prof,” akasema, “ukienda ku madirisha, miye natoka. Siko na hasira. Natoka tu.”

Kiti chake kilikuwa cha mbao, chenye alama ya ua jekundu lililofifia. Nilikitazama kikiwa juu ya kichwa chake, hakitikisiki, nikajua kwamba hatanii. Nikajua pia kwamba nikienda ukutani mtaa utaniuliza: basi ulidanganya? Na lile jina la Prof, nililolifanyia kazi miaka minne nikisoma jioni baada ya kuchomelea milango mchana kutwa, litaniponyoka siku hiyohiyo. Jasho likanishuka, si kidogo, ndoo mbili.

“Mbele sijabeba kiti,” nikasema, “tutoe ule ubao. Tuone.”

“Ya nini?” Patron akapaza sauti. “Njo weye ulisemaka bataiba!”

“Tuone tu, Patron.”

Nikainuka, nikanyoosha mkono dirishani, mchimbaji mmoja akanipa mtaimbo wake, nikaenda nao nyuma ya jukwaa. Misumari yangu mwenyewe ilinitesa, kwa maana nilikuwa nimepigilia mingi kama ya kufunga gereza. Ubao ulipong'oka, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Doa halikuwa kiganja tena. Lilikuwa limepanda hadi kwenye goti langu, kijani kizito, linang'aa.

“Ona!” wakapiga kelele wa madirishani. “Ona, imeota!”

Wachimbaji wakasimama. Patron alicheka hadi akakaa. Na mimi, sitaficha, moyo wangu ulirudi mahali pake. Nilikuwa sahihi! Nikageuka kumtazama mama wa ngoma. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

Fundi wa mabomba akaja kuiona sehemu yake ya utajiri. Akachuchumaa. Akapitisha kidole juu ya kile kijani, akasugua kidole na gumba, akanusa. Uso wake ukabadilika. Akaweka sikio ukutani.

“Munyamaze,” akasema.

“Unasikiliza nini, fundi?” Patron akauliza. “Madini haisemaka.”

“Patron, nyamaza na weye.”

Hata mama mwenye kiti kichwani alisimama palepale. Fundi akainuka, akatoka kwa mlango mdogo, akazunguka nyuma ya nyumba. Tulimngoja. Akarudi suruali imelowa hadi magotini, mikono inachuruzika. Hakumtazama Patron. Alikuja moja kwa moja kwangu, pale penye doa.

“Prof,” akasema, “hapa hakuna madini. Mu ukuta muko tuyau, bomba ya shaba, ya zamani, inavuja. Maji ikipita ku shaba inatokaka kijani, njo vile tu. Nimefunga maji ku robinet ya inje. Muache estrade. Munipe fasi ya kupasua mu ukuta, kadogo tu, nibadirishe ile tuyau.”

Nikakibeba kiti changu cha chuma hadi ukutani, na mama wa ngoma akakishusha chake kichwani.