Firigisi za Mathe

Mathe, mama yangu, anajinyima chakula cha kumrudishia damu, sababu ya mwanaume ambaye hata hayuko.

Wasee, hapa Mashimoni hakuna wa kunishinda kupika firigisi za kuku zilizokaushwa kwa chumvi. Nimeziloweka tangu jana, nikabadilisha maji mara tatu, nikazichemsha polepole mpaka zikalainika. Nesi alisema damu ya Mathe imeshuka sana, ale nyama kama hizi. Siku hizi hata akisimama anashika ukuta.

Nikampakulia na ugali.

Akasukuma sahani. "Hizi ni za baba yako."

Na Buda alihamia Kawangware kwa mwanamke mwingine, tangu Pasaka hatujamwona.

Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, sawa. Nikatunisha kifua. "Basi mwenye nyumba ni mimi, na nimekupea."

Akacheka kwanza. "Wewe? Na hizo ndevu tatu?"

Halafu akaanza kulia. Nikamsogezea sahani tena.

Amekula mbili tu. Zingine amezifunika, eti Buda akirudi asikose.

Nani ako na maneno ya kumwambia harudi? Mimi nimeogopa.