Asiyeguswa na Vumbi

Mtaani walimwita Mama Povu, kwa sababu uani kwake povu halikukauka Jumatatu hadi Jumamosi. Alikuwa dobi wa ovaroli. Si mashati ya ofisini wala mashuka ya wageni. Ovaroli tu, za wanaume wa kile kiwanda cha mabamba ya kuezekea nyuma ya reli. Kiwanda hakikuwa na mahali pa kufulia, kwa hiyo mfanyakazi alirudi nyumbani na vumbi lake kama mtu arudivyo na kivuli chake. Mwenye mke alimwachia mkewe, asiye na mke alimpelekea Mama Povu.

Ovaroli ya kiwandani ina ufundi wake, na ole wako usipoujua. Vumbi lile ni saruji iliyochanganyika na vinyuzi vya asbesto. Ukiitumbukiza nguo majini moja kwa moja, vumbi linageuka uji, uji unaganda kwenye mishono, na kesho mwenye nguo anatembea kama amevaa ubao. Kwa hiyo kwanza unaikung'uta. Unaishika mabegani, unaipiga hewani pa! pa! pa! mpaka litoke wingu, na wingu likitua ndipo unaichovya. Mama Povu alikung'uta thelathini kwa siku. Alizoea kutania kwamba yeye hanunui poda, anapakwa bure.

Kikohozi kilimjia mwaka wa kumi hivi, kikavu, cha kukwaruza. Alikichukulia kama jirani mwenye makelele: humpendi, lakini utamhamishia wapi? Kilichomkosesha raha ni kusikia kikohozi cha namna ileile kikianza kwa mke wa mwanawe, binti wa miaka ishirini na mbili, aliyekuwa akimsaidia kukung'uta tangu aolewe.

Ndiyo maana wafanyakazi walipodai wachunguzwe, Mama Povu alifurahi kuliko wao. Akaja daktari mmoja, mwanamke kijana, ambaye kazi yake haikuwa kutibu bali kuhesabu: nani anaugua, anaishi wapi, na kwa nini kundi hili liugue kuliko lile. Meneja aliahidi mbele ya watu kwamba uchunguzi ukionyesha vumbi linadhuru, kitajengwa chumba cha kufulia, na nguo haitavuka tena geti.

"Chumba hicho kitakunyima kazi, mama," mwanawe alimwonya. Huyu alikuwa fundi wa mashine, mrefu na mwembamba hata wenzake wakamwita Spana.

"Acha kininyime. Bora mimi nikose ovaroli kuliko mkeo akose kifua."

Miezi miwili baadaye Spana alirudi na nakala ya ripoti, kaikunja mfukoni kama barua ya msiba.

"Mama, tumeshindwa."

"Tumeshindwa nini? Kwani tulikuwa tunacheza mpira?"

"Sikiliza. Wamepima wafanyakazi mia; thelathini na wawili vifua vibovu. Wamepima watu mia wa mtaani wasioguswa na vumbi la kiwanda. Ishirini na tisa. Wanasema tofauti hiyo ni ndogo mno, huenda ni sigara au moshi wa jikoni. Kesho saa nne daktari anaisoma ukumbini, anatia sahihi, kwisha."

"Hao wasioguswa ni akina nani?"

"Si wale waliopuliza kile kimrija cha kupima pumzi, pale shuleni."

Mama Povu aliweka sabuni chini taratibu. "Spana. Mimi nilipuliza pale shuleni."

Alikumbuka vizuri. Daktari alikuwa na fomu, akauliza, "Umewahi kufanya kazi kiwandani?" Naye akajibu, "Sijawahi." Uongo uko wapi hapo? Hata geti lile hajawahi kulivuka. Hakuulizwa anafua nini. Fomu ikageuzwa, akaitwa mwingine.

"Yaani kikohozi changu ndicho wamekifanya kipimo cha uzima!" alifoka, mke wa mwanawe akatoka jikoni mbio. "Mtu akitaka kujua kama shati limechafuka, si analiweka kando ya lililo safi? Msomi mzima kachukua shati chafu, kaliweka kando ya chafu lingine, kasema mbona yanafanana, basi hakuna uchafu! Na miaka yote aliyokaa shuleni!" Kikohozi kikamkatiza, naye akazidi kukasirika kwa kukatizwa nacho.

"Ungemwambia siku ile, mama," Spana alisema.

"Nijibu swali nisiloulizwa? Toka hapo!"

Jioni ile hakufua. Alipita mlango kwa mlango akiuliza kila nyumba maswali mawili: ulipuliza? unafua? Asubuhi aliingia ukumbini na ovaroli chafu ndani ya mfuko wa plastiki, na wanawake kibao nyuma yake.

Daktari alikuwa amefika katikati ya ripoti. Meneja akainua mkono. "Mama, huu ni mkutano wa wafanyakazi."

"Karatasi hiyo inayosomwa, mimi nimo ndani. Nitasomwaje nikiwa nje ya mlango?" Akafika mbele, akaitoa ovaroli, akaishika mabegani, akaiinua.

"Usikung'ute hapa!" Meneja aliruka nyuma hadi ukutani, tai imeziba pua.

Mmoja nyuma akaangua kicheko, na wote wakafuata.

"Kumbe unajua," Mama Povu alisema. "Ukumbini kwako haifai, lakini uani kwangu inafaa? Tulia, baba, sikung'uti. Kuna watu wana vifua humu." Akairudisha mfukoni, akaufunga.

Daktari akamgeukia Mama Povu. "Mama, unafua hizi?"

"Thelathini kwa siku, miaka kumi na tisa. Uliniuliza?"

Daktari aliwaomba wote waliopuliza shuleni na wanaofua ovaroli nyumbani wanyooshe mikono. Akahesabu, akahesabu tena: hamsini na wanne katika ile mia yake.

"Kosa ni langu," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Niliuliza nani anaingia kiwandani. Sikuuliza vumbi linaishia wapi."

"Lakini sahihi, daktari..." meneja alianza.

"Nisaini nini? Hapa sina kundi la kulinganisha." Akapiga mstari toka kona hadi kona ya ukurasa. Angetafuta watu mia wengine ng'ambo ya mto, ambako hakuna ovaroli inayofika. Ingechukua miezi minne.

"Minne!" Mama Povu aliruka. "Mkwe wangu ameze vumbi miezi minne, nyinyi mkihesabu? Sasa nisikilizeni, wanaume. Kuanzia leo ovaroli haivuki geti."

"Tutarudi nyumbani na nini, Mama Povu?"

"Na bukta! Kwani mlizaliwa na ovaroli?"

Saa kumi kengele ilipolia, watoto walikuwa wamekwisha panga foleni kando ya njia. Ovaroli zilitupwa getini moja baada ya nyingine, na wanaume wakapita na bukta na fulana, wengine wakiwa wamejifunika magazeti. Miguu ya Spana ilipigiwa vigelegele hadi kona ya reli. Msimamizi mmoja mzee alikataa kujidhalilisha, akaenda nyumbani amevaa yake; mkewe alimrudisha akiwa bado mlangoni.

Siku ya tatu rundo lilizuia geti lisifungwe, na hakukuwa na nguo ya kuingilia kazini. Siku ya nne lori likaleta mashine mbili za kufulia. Meneja alibandika tangazo kwamba hiyo ni huduma tu, wala si kukiri kosa lolote. Watu walilisoma, wakaguna.

Daktari alipokuja na kimrija chake alimkuta Mama Povu uani, amekaa juu ya karai lililopinduliwa, mikono haina la kufanya. Mke wa mwanawe akapuliza kwanza. Daktari akasoma kipimo, akamrudisha apulize tena, ndipo akatabasamu: kifua kizima, ila vumbi asiliguse tena.

Mama Povu alimwita Mungu kimoyomoyo, kisha akakishika kimrija.

"Na mimi safari hii," akasema, "niweke upande ninaostahili."

Akapuliza.